Mke ameshapima kila kitu, mume amepima lini? Maswali na majibu kuhusu kutopata mimba na kumchagua daktari wa uzazi

Nafanya kazi kliniki ya uzazi, na karibu kila wiki nakutana na kitu kilekile. Dada anaingia peke yake na bahasha imejaa, ultrasaundi nne tano, homoni zote, mirija imeshapigwa picha, vidonge amemeza mwaka mzima, nikimuuliza majibu ya mbegu za mumeo yako wapi ananyamaza. Hajapima. Maswali haya ndo ninayoulizwa zaidi, nayajibu hapa kama ninavyoyajibu pale mezani.

Tuseme tuna tatizo kuanzia lini?

Mkikutana mara kwa mara, yaani kila baada ya siku mbili tatu, bila kinga wala njia yoyote ya uzazi wa mpango, ikapita miezi 12 hakuna mimba, hapo tunaita ugumba na mnatakiwa kupima. Mwanamke akifika miaka 35 msisubiri mwaka, miezi 6 inatosha, na akifika 40 njooni moja kwa moja. Pia usisubiri kama hedhi yako inapotea miezi na kurudi, kama ulishapata mimba nje ya kizazi au maambukizi makali ya kizazi, au kama mume aliwahi kufanyiwa upasuaji wa korodani au kutibiwa saratani. Na hamko peke yenu: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema takribani mtu 1 kati ya 6 anapitia hili wakati fulani maishani.

Mume wangu yuko vizuri kitandani na ana mtoto aliyempata kabla hatujaoana. Bado apime?

Apime. Na kama swali linalofuata ni "hata kama anatoa maji mengi?", ndiyo, apime.

Nguvu za kiume ni kitu kimoja na mbegu ni kitu kingine. Yale maji kwa sehemu kubwa sana yanatengenezwa kwenye tezi, mbegu zenyewe ni kidogo tu ndani yake, kwahiyo mtu anaweza kuwa hana shida yoyote kitandani, maji yanatoka kama kawaida, ukiyaweka chini ya darubini huoni mbegu hata moja. Kwa macho huwezi kujua. Na mtoto wa zamani anakuambia habari za mbegu za wakati ule. Mbegu mpya zinachukua karibu miezi miwili na nusu mpaka mitatu kutengenezwa, kwahiyo za leo zinategemea afya yake ya miezi hii: maambukizi, mishipa iliyovimba kwenye korodani, sigara, pombe, dawa anazotumia.

Kwenye karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, mwanaume ana sehemu yake kwenye tatizo, peke yake au pamoja na mke. Nusu! Alafu ndo mtu wa mwisho kupimwa, wakati kipimo chake ndo rahisi kuliko vyote.

Hicho kipimo kikoje? Anaogopa.

Hakuna sindano wala kifaa kinachoingizwa popote. Anakaa siku 2 mpaka 7 bila kumwaga, alafu anajichua na kutoa kwenye kopo safi la maabara, yote yaingie, bila mafuta, bila mate, na asitumie kondomu ya kawaida. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imewekwa karibu na mwili isipate baridi. Wanaangalia ujazo, idadi, zinavyotembea na umbo. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021, idadi ya chini ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na zinazotembea zifike asilimia 42. Umbo linawashtua sana watu, wanaona zenye umbo zuri ni asilimia 5 wanadhani wamekwisha, wakati kiwango cha chini ni asilimia 4 tu. Majibu yakiwa mabaya kipimo kinarudiwa kabla mtu hajaambiwa lolote zito.

Linganisha na mkewe anayelazwa kwenye meza ya eksirei akipitishiwa dawa kwenye mlango wa kizazi, na wengi wanaumia kweli. Mwanaume anayempeleka mkewe kwenye hicho kipimo kabla yeye hajatoa sampuli, sijui nimwambie nini kwa upole.

Nimetumia klomifeni miezi kumi, niongeze dozi?

Hapana, simama kwanza. Klomifeni, wengi mnaiita Clomid, inamsaidia mwanamke ambaye yai lake halipevuki. Basi. Kama unapevusha kila mwezi mwenyewe, au mirija imeziba pande zote mbili, au mume hana mbegu, unaweza kumeza mpaka uchoke. Hata kwa anayeihitaji, tunataka afuatiliwe kwa ultrasaundi kwasababu uwezekano wa mapacha unapanda, na kwa kawaida hatupitishi mizunguko 6 bila kukaa chini na kufikiria upya. Mwenye PCOS, yaani hali ya homoni kutokuwa sawa inayofanya mayai yasipevuke vizuri, siku hizi anaanzishiwa dawa nyingine, letrozoli. Ukianza kuona ukungu au vimulimuli machoni, acha dawa na urudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Na kabla ya kidonge cha kwanza, mume kapima? Miezi kumi ya dawa kwa mke wa mtu asiye na mbegu ni miezi kumi ya umri wake imepotea, na hakuna dawa inayoirudisha.

Mume anachoma sindano za testosteroni, si ndo homoni ya kiume? Zitasaidia.

Zinafanya kinyume kabisa. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu unaacha kuziagiza korodani zifanye kazi, mbegu zinashuka, kwa wengine zinafika sifuri. Hizi za kujenga misuli ni hivyohivyo. Wengi zinarudi wakiacha, lakini inachukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Asiache ghafla kimyakimya, amwambie daktari apangiwe.

Dawa za kusafisha kizazi na kuzibua mirija zinasaidia?

Hakuna dawa ya kunywa wala ya kuweka ukeni inayozibua mirija. Mirija mara nyingi inaziba kwa kovu, na kovu linatokana na maambukizi kama klamidia na kisonono ambayo wanawake wengi hawayasikii kabisa, au upasuaji wa nyuma, na kovu halifutiki kwa unga. Vitu vya kuweka ukeni vinaua bakteria wazuri na kuleta maambukizi juu ya maambukizi. Naomba muache. Mrija uliojaa maji ndo mbaya zaidi, unaharibu hata nafasi ya IVF (kukutanisha yai na mbegu maabara), na inabidi uondolewe au ufungwe kabla ya kupandikiza.

Matibabu yako ya aina gani?

Inategemea majibu, ndo maana vipimo vya wote wawili vinatangulia. Yai halipevuki, dawa za kulipevusha. Mbegu zimepungua kidogo na mirija iko wazi, mnaweza kujaribu IUI: mbegu zinasafishwa maabara na kuwekwa ndani ya kizazi siku ya yai. Mirija imeziba au mbegu ni chache sana, IVF. Hapo mke anachoma sindano kama siku 8 mpaka 14, mayai yanavunwa, yanakutanishwa na mbegu maabara, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kinakuzwa siku 3 mpaka 5 kisha kinarudishwa, na kipimo cha mimba ni kama wiki mbili baadaye. Mbegu zikiwa dhaifu kila yai linachomwa mbegu moja, hiyo ndo ICSI. Si uchawi wala si majaribio, mtoto wa kwanza wa IVF alizaliwa Uingereza Julai 1978.

Ila sikia vizuri: IVF haifanyi yai kuwa changa. Yai la miaka 42 ni la miaka 42 hata kwenye maabara nzuri kuliko zote. Wanaosema "tutahangaika kwanza, ikishindikana tutafanya IVF" wakasogeza miaka mitano, hawa ndo wananiuma zaidi.

Nitamjuaje daktari mzuri?

Ishara ya kwanza, siku ya kwanza anauliza mume yuko wapi. Anayekuandikia dawa za miezi mitatu bila kuuliza habari za mwanaume, tafuta mwingine. Awe daktari wa kinamama aliyesomea zaidi mambo ya uzazi, na usione aibu kuuliza amesomea nini na kama amesajiliwa. Kliniki iwe na mtu wa kumtibu mwanaume pia na wataalamu wa maabara ya viinitete wa kudumu.

Wakikutajia asilimia za mafanikio waulize ni za nini. Kipimo kuonyesha mimba sio mtoto kuzaliwa, mimba nyingine zinatoka. Uliza: kati ya wanawake wa umri wangu walioanza sindano, wangapi walijifungua? Uliza wanarudisha viinitete vingapi, anayejisifu kuweka vitatu vinne anakuweka kwenye hatari ya mimba ya watoto wengi na kujifungua njiti. Uliza usiku tumbo likivimba, unatapika, pumzi inabana wakati wa sindano unampigia nani, maana mayai kuchochewa kupita kiasi yanaweza kukulaza hospitali. Gharama yote waiandike, dawa na kugandisha viinitete ndani yake. Anayekuhakikishia mimba, ondoka.

Mume amekataa kabisa kuja.

Usianze na "una tatizo". Mwambie, "Daktari hawezi kuendelea na mimi bila majibu yako", na ndo ukweli, sisi tunakataa kabisa kuendelea. Kama kinachomzuia ni kuonekana kliniki, piga simu maabara uulize kama wanapokea sampuli ya nyumbani, wengi wanapokea. Chukua kopo kwao, aandike jina lake na saa aliyotoa, ulifunge, uliweke ndani ya nguo karibu na ngozi, na uwe umefika ndani ya saa moja.