Bustani za Waaborijini: nani atamwagilia Desemba?

Kila mwaka wapo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Australia wanaokwenda vijiji vya ndani kabisa vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, kusaidia bustani za jamii. Nia ni njema, ila safari hizo zimezungukwa na maneno yasiyo kweli.

Dhana: Waaborijini hawajui kupanda, wanafunzi wanakwenda kuwafundisha.
Ukweli: Wameishi barani humo zaidi ya miaka 50,000. Huko kaskazini, wanawake wakichimba viazi vikuu huacha kichwa ardhini kichipue tena. Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, kuna mbuyu, ndugu wa huu wetu, na tunda lake huliwa vilevile. Hata bustani ya mboga si ngeni. Katika misheni ya Hermannsburg, iliyoanzishwa mwaka 1877 magharibi ya Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1920 ulileta kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C, kikaua watoto wengi. Mwaka 1935 bomba lilifikisha maji kutoka chemchemi ya Kaporilya, na bustani zikapata uhai. Mgeni mwenye miaka ishirini angeanza kwa kuwauliza wazee.

Dhana: Jangwani hakuoti kitu.
Ukweli: Alice Springs hupata kama milimita 280 tu za mvua kwa mwaka, lakini Ti Tree, kaskazini yake, wamelima zabibu za biashara kwa maji ya visima. Shida ni kwamba maji ya chini sehemu nyingi yana chumvi, na pampu ikifa fundi huenda yuko mamia ya kilomita.

Dhana: Bustani itamaliza tatizo la bei kubwa za duka la kijiji.
Ukweli: Hapana. Unga, mafuta na nyama bado vitaletwa na lori.

Dhana: Ukiwa na moyo wa kujitolea, unakwenda tu.
Ukweli: Kwenye ardhi ya Waaborijini ya Northern Territory, jimbo lenye Alice Springs, chini ya sheria ya mwaka 1976, mgeni huhitaji kibali.

Dhana: Bustani ikikauka, wenyeji ni wavivu.
Ukweli: Hii ndiyo inayoniudhi. Tazama kalenda. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni na Julai, wakati wa baridi, usiku ukishuka hata chini ya sifuri. Wageni wanapanda spinachi, wanapiga picha, wanaondoka. Desemba joto linapita nyuzi 40, na walimu wa shule nao wamekwenda likizo. Ukitokea msiba, shughuli husimama na jamaa husafiri mbali kuomboleza, pengine kwa wiki kadhaa. Mboga za majani hazisubiri.

Ningekuwa mimi natoa fedha, ningepanda michungwa na milimau kabla ya saladi, nifunge umwagiliaji wa matone wenye saa, kisha nimlipe mkazi mmoja mshahara wa mwaka mzima. Mwanafunzi angefundishwa kurekebisha vali za matone, na kila Septemba, kabla joto halijapanda, angempigia simu mkazi huyo kuuliza kama pampu bado inavuta.