Mwongozaji au hedifoni? Tunayodanganyana kwenye foleni ya tiketi

Foleni ya tiketi Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, ina hadithi zake. "Usimlipe huyo, kila kitu kimo kwenye simu." Nyuma yake mwingine anadakia: "Simu itakuonyesha nini? Tafuta mtu." Wote wana uhakika, na kila mmoja ameshika nusu ya habari. Mimi napenda magofu kuliko ufuo, kwa hiyo maneno haya nimeyasikia Mombasa, Gede, Zanzibar na Kilwa. Ubishi ni huu: umlipe mwongozaji akutembeze, au usikilize maelezo yaliyorekodiwa kwa hedifoni au simu? Niyachambue yale yanayorudiwa sana.

"Mwongozaji ni wa Wazungu. Sisi historia yetu tunaijua."

Tunaijua kweli? Kwamba Wareno walijenga ngome, ndiyo. Kwamba ujenzi ulianza 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati; kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 na kuitwaa Desemba 1698; kwamba Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958, hapo wengi wetu tunaanza kukuna kichwa. Tarehe kama hizo sauti iliyorekodiwa itakupa vizuri tu, bila kuchoka. Lakini msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo mtalii wa melini hana, na ndiyo anayoitupa anapopita peke yake.

Nilikwenda Gede na shangazi yangu, mzaliwa wa Lamu. Kijana aliyetutembeza alikuwa na mtiririko wake: mji ulihamwa karne ya 17, hili hapa kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399, na hizi ni nyumba zilizopewa majina na wachimbaji kutokana na vitu walivyovikuta ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kasha la Pembe. Alipofika kwenye ukuta akasema, "Hivi vijitundu ni vya kuwekea taa." Shangazi akasimama. "Kwetu hivyo ni vidaka, mwanangu." Kuanzia hapo ziara ikageuka. Akauliza wanawake walikaa upande gani, choo kilikuwa wapi, maji ya udhu yalifikaje msikitini. Kijana akaacha mtiririko wake, akatupeleka kwenye kisima cha msikiti mkuu na birika lake, akainama na kumwonyesha kwa kidole njia ya maji. "Shangazi, tazama hapa." Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na hakuna rekodi ambayo ingejua kwamba hapo ndipo pa kukaa. Isitoshe, rekodi nilizowahi kukodi zilikuwa za Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano. Ya Kiswahili bado sijabahatika.

"Sauti imehakikiwa, mwongozaji hutia chumvi."

Chumvi ipo, tena nyingi. Simama mbele ya mlango wowote wa kuchongwa Mji Mkongwe wa Zanzibar uhesabu. Utaambiwa misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo, na Unguja haina tembo; mtindo huo unahusishwa na India, na huku ukabaki pambo la mwenye uwezo. Utaambiwa mnyororo uliochongwa pembezoni mwa fremu maana yake mwenye nyumba aliuza watumwa. Mnyororo huo huo husomwa pia kama alama ya ulinzi wa nyumba, na umechongwa kwenye milango mingi mno kuwa tangazo la biashara moja.

Ila chumvi hiyo hiyo imo kwenye hedifoni, kwa sababu aliyeandika maneno yale naye alisikia mahali. Mfano mzito ni ule wa Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka huo huo ujenzi wa kanisa kuu la Anglikana ukaanza pale pale. Hilo halina ubishi. Lakini vile vyumba vya chini vyenye minyororo, ambavyo kila mgeni huinama kuviingia, vimo kwenye jengo lililojengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaokataa kwamba viliwahi kufungiwa watumwa. Mateso ya sokoni yalikuwa ya kweli. Linalobishaniwa ni chumba. Rekodi huwezi kuiuliza. Mtu unaweza: "Jengo hili lilijengwa lini?" Wapo watakaobabaika, na wapo watakaoshusha sauti na kukueleza mjadala wote. Huyo wa pili ndiye ninayemlipa kwa moyo mweupe.

Hata hivyo nisimpambe sana mwongozaji. Anayetegemea bakshishi hujifunza haraka hadithi ipi inawafanya watu washike mdomo, na hadithi hiyo haifi tena. Mwandishi wa rekodi angalau hakuwa akikutazama usoni.

"Sauti ni mashine, haina uhai."

Mwaka 1952, makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam yaliwapa wageni visikilizio vya redio; kundi zima likasikia jambo moja kwa wakati mmoja na kugeuza shingo pamoja. Huo ulikuwa umashine kweli. Tangu hapo mambo yamebadilika. Kwenye jela ya zamani ya Alcatraz, San Francisco, sauti unazozisikia ni za waliokuwa wafungwa na askari jela wa pale pale. Robben Island, Afrika Kusini, walichagua njia nyingine: anayekutembeza gerezani ni mtu aliyefungwa humo. Sioni aliyekosea. Ila wa Robben Island wanazeeka, na siku itafika ambapo rekodi ndiyo itakayobaki.

"Sauti ni rahisi."

Ukiwa peke yako, mara nyingi ndiyo. Hedifoni hukodishwa kwa kichwa, mwongozaji hulipwa kwa kundi. Familia ya watu sita ikipiga hesabu hushangaa. Halafu watoto wa miaka saba huvua hedifoni baada ya mzinga wa kwanza.

"Anayekukaribisha getini ndiye mwongozaji."

Zanzibar wana neno lao kwa anayewang'ang'ania wageni hivyo: papasi, kama yule mdudu anayeng'ang'ania ngozi. Atakujua kwa jina la utani kabla hujashuka boti. Mimi nimeliwa, tena nilijiona mjanja: nililipa mwanzo, nikapelekwa haraka haraka kwenye duka la viungo, kanisa tukaliona kwa mbali. Mwongozaji mwenye leseni ana kitambulisho na hanuni ukiomba kukiona. Taja bei, muda na lugha kabla hamjapiga hatua. Ukitaka Kiswahili, sema mapema, la sivyo wengine huanza Kiingereza kwa mazoea hata na Mswahili mwenzao.

"Ukipakua programu, umemaliza."

Mtaani Shangani, Mji Mkongwe, pengine inatosha. Kilwa Kisiwani lazima kwanza uchukue kibali Kilwa Masoko na uvuke kwa boti, na kati ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, kuna mwendo wa jua kali ambao nahodha na mwongozaji huupanga kwa kuangalia maji. Simu haijui maji yanajaa saa ngapi. Pakua ukiwa na waifai, chaji hadi juu, lakini usimwache mwongozaji.

Mimi siku hizi natembea na mwongozaji asubuhi, kisha jioni narudi peke yangu na rekodi, nikipunguza mwendo pale tulipopita mbio. Sikio moja nalibakiza wazi, kwa sababu vichochoro vya Mji Mkongwe vina Vespa, na dereva wa Vespa hapigi hodi.