Jina la Programu Huria ya Gumzo: Ya Kukagua Kabla ya Toleo la Kwanza

Programu huria ya mazungumzo (huria, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) iitwayo Jami, iliyozaliwa Montreal nchini Kanada, iliitwa Ring hadi Desemba 2018. Ukiifungua leo kwenye simu ya Android na kutazama kitambulisho chake cha ndani, bado utasoma cx.ring. Jina la nje limebadilika, la ndani limebaki. Kitambulisho kikishachapishwa kwenye duka la programu la Google hakibadilishwi tena. Ukiweka kipya, simu inaiona hiyo kuwa programu nyingine kabisa, na watumiaji wa zamani wanabaki na toleo lisilopata masasisho.

Kwa hiyo ninyi mnaounda programu ya gumzo mnachagua majina mawili, na kosa kubwa ni kuyafanya moja. La ndani litungwe kutokana na kikoa (anwani ya tovuti) mnachokimiliki, kikigeuzwa kinyumenyume: mwenye mfano.or.tz ataandika tz.or.mfano.gumzo. Hapo hata jina la nje likibadilika mara tatu, hakuna anayepoteza mazungumzo yake.

Gaim ndiyo funzo la jina la nje. Ilianza kama programu ya Linux ya kuingia kwenye huduma ya AOL Instant Messenger, na jina lake likabeba ndani yake AIM, kifupi cha huduma hiyo na alama ya biashara ya kampuni ya AOL. Mvutano wa kisheria uliendelea kwa miaka, hadi Aprili 2007 ilipoitwa Pidgin. Maktaba yake ya msimbo (sehemu ya msimbo ambayo programu nyingine pia zinaweza kuitumia), libgaim, nayo ikawa libpurple. Tazameni hilo la pili: safari hii maktaba haikupewa jina la programu. Riot, programu nyingine ya mazungumzo, nayo ikawa Element Julai 2020. Kampuni kubwa ya michezo ya kompyuta ilikuwa imezuia usajili wa alama, na neno lenyewe kwa Kiingereza ni ghasia, jambo lililowatia wasiwasi watu waliotakiwa kuiamini na siri zao.

Msajili jina la kikoa siku ileile mnayoamua, lakini msidhani kikoa kinawapa haki ya jina. Haki hiyo hukaguliwa kwenye daftari la alama za biashara katika ofisi ya usajili ya kila nchi: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar (usajili wa upande mmoja haufiki upande wa pili), KIPI kwa Kenya, URSB kwa Uganda, kisha hifadhidata ya WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, ambayo ni bure. Tafuteni katika madaraja (makundi ya bidhaa na huduma) ya 9, 38 na 42, yaani programu za kupakua, mawasiliano, na huduma za programu mtandaoni. Tafuteni pia majina yanayosikika sawa hata kama yameandikwa tofauti, maana kinachopimwa ni kama mteja atachanganyikiwa.

Jina la Kiswahili lina mitego yake. Gumzo, Soga na Ujumbe yanavutia, lakini yanaeleza tu kazi ya programu, na neno la namna hiyo ni gumu kulisajili liwe lenu peke yenu. Alama ya ritifaa haikubaliki kwenye kikoa wala kwenye kitambulisho: Ng'ara, la kung'aa, litaandikwa ngara, na anayelitafuta ataletewa wilaya ya Ngara mkoani Kagera au mtaa wa Ngara jijini Nairobi. Jina refu nalo hukatwa chini ya ikoni, hivyo herufi nane au pungufu ni salama zaidi.

Jaribio tunalolisisitiza kuliko yote ni la mdomoni. Watu watalifanya jina kuwa kitenzi, kama walivyofanya kuchati. Wenye Jami wanasema walilichukua kutoka neno letu jamii, na ni heshima kwa lugha. Lakini mwambie rafiki yako "tujamiane" na umeshakaribia kujamiiana, ambalo ni tendo la ndoa. Chukueni jina mnalolitaka, mlitie ni-, tu-, -ia na -ana, kisha mlisome kwa sauti mbele ya mtu wa Mombasa, wa Mwanza na wa Bukavu, mzee na kijana. Ubaya wa neno hauonekani kwenye karatasi, na mara nyingi aliyelitunga ndiye wa mwisho kuusikia.

Leseni huria hutoa msimbo, si jina. Apache 2.0, mojawapo ya leseni hizo, kifungu cha 6, inasema wazi kwamba haitoi ruhusa ya alama za biashara. Wekeni waraka mfupi kando ya leseni: anayebadilisha msimbo na kuusambaza atumie jina lake na nembo yake. Katika programu ya mazungumzo hili ni suala la usalama, kwani toleo lililochezewa likivaa jina lenu linaweza kusoma ujumbe wa watu kwa imani waliyowapa ninyi.

Mkilazimika kubadilisha jina, GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, huelekeza wageni kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Mwelekeo huo hukatika mara tu hazina (ghala la msimbo) nyingine ikifunguliwa kwa jina la zamani, kwa hiyo akaunti ya zamani msiiachie, na kikoa cha zamani kiendeleeni kukilipia.