Dhana potofu kuhusu elimu ya nyota, zikipimwa kwa anga la Bagamoyo na Tanga

Dhana: Watu wa kale waliamini dunia ni bapa, mpaka meli za Ulaya zilipoizunguka.

Kama mwaka 240 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mwanazuoni wa Alexandria kule Misri, alikwisha kuipima. Alijua kwamba siku moja ya kiangazi, saa ya adhuhuri, jua huwa utosini kule Syene, Aswan ya leo. Siku hiyohiyo kivuli cha Alexandria kilionyesha pembe ya nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili mara 50, akapata mzunguko wa dunia, basi.

Sisi wa pwani tuna nafasi zaidi, maana kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Bagamoyo ni karibu na tarehe 4 Machi na 10 Oktoba. Simika fimbo ya sentimita 100 Bagamoyo, na mwenzako asimike ya urefu huohuo Tanga. Msitazame saa sita juu ya alama! Mwanzoni mwa Machi jua hufika kileleni kama saa sita na dakika 36, na Oktoba kama saa sita na dakika 11. Mtu akipima Machi saa sita kamili atakuta kivuli cha sentimita 16 kikilalia magharibi, aseme kalenda imemdanganya. Wakati wenyewe ukifika, fimbo ya Bagamoyo haina kivuli, na ya Tanga ina sentimita 2.4 tu kuelekea kaskazini. Hiyo ni pembe ya uzi 1.4 hivi. Gawa 360 kwa pembe hiyo, zidisha kwa umbali wa kilomita 150 na ushei, utakaribia kilomita 40,000.

Kinachoharibu hesabu ni fimbo yenyewe. Ikiinama uzi mmoja tu, ncha ya kivuli inasogea sentimita 1.7, na kivuli chote ni 2.4. Tumia timazi, usiamini jicho. Ncha pia ina ukungu wa karibu sentimita nzima kwa sababu jua si nukta, kwa hiyo pima katikati ya ukungu huo. Umbali uwe wa kaskazini hadi kusini kwenye ramani, si wa barabara inayopinda. Mkikosea tarehe kwa siku moja hamjapoteza kitu: vivuli vikielekea upande mmoja, toa kidogo kwenye kikubwa, vikielekea pande tofauti, jumlisheni.

Dhana: Galileo ndiye aliyebuni darubini.

Hapana. Hans Lipperhey aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya chombo hicho Uholanzi mwaka 1608. Galileo alijitengenezea yake mwaka 1609, akaielekeza juu, na Januari 1610 akaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii (Jupita).

Dhana: Waislamu walitafsiri tu vitabu vya Wagiriki.

Walitafsiri, kisha wakasahihisha. Mwaka 964 al-Sufi, mtaalamu wa nyota wa Uajemi, aliandika juu ya "wingu dogo" ambalo leo tunalijua kuwa galaksi ya Andromeda. Huko Samarkand, Asia ya Kati, mtawala Ulugh Beg na wenzake walitoa orodha mpya ya nyota 1,018, nyingi zikiwa zimepimwa upya. Majina ya Kiarabu ya nyota bado yanatumika duniani kote: Aldebaran ni "mfuasi", kwa kuwa inafuata Kilimia. Kitazame Kilimia kikichomoza, kisha subiri dakika 45 hivi.

Dhana: Mabaharia wa mwambao wetu waliongozwa na nyota ya kaskazini.

Hii hurudiwa sana, na ni rahisi kuikanusha: nenda ufukweni Bagamoyo uitafute. Mji uko zaidi ya nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo nyota hiyo, Jah kwa mabaharia wa Kiarabu, haichomozi kamwe. Hata miaka 500 iliyopita, ilipokuwa nyuzi 3 na nusu kutoka ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, isingefika juu ya upeo wa macho.

Wanamaji waliokwenda kusini walihamia Farqadan, zile nyota mbili za Dubu Mdogo, kisha Dubu Mkubwa, makundi ya nyota ya upande wa kaskazini. Kifaa chao, kamal, kilikuwa kibao chenye uzi wa mafundo. Fundo linashikwa kwa meno, ukingo wa chini wa kibao unawekwa kwenye upeo wa bahari, wa juu kwenye nyota. Kipimo kiliitwa isba, yaani kidole, sawa na kilomita 180 hadi 190 za kaskazini-kusini. Tanga na Bagamoyo hazifikishi hata kidole kimoja! Kamal ilikuwa ya kuvukia bahari kuu.

Katikati ya Mei, baada ya saa tatu usiku, Dubu Mkubwa yuko kaskazini na Msalaba wa Kusini umesimama upande wa pili. Refusha mstari mrefu wa Msalaba mara nne na nusu kwenda chini, utafika karibu na upeo: hapo ndipo kusini.

Dhana: Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa Kiarabu, ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498.

Habari hiyo inatokana na al-Nahrawali, aliyeandika Makka katika karne ya 16. Waandishi wa Kireno wanamtaja rubani wa Kigujarati, na wanahistoria wengi leo wanaelekea huko. Ibn Majid hahitaji sifa hiyo. Maandishi yake ya ubaharia yanamtosha. Merikebu ziling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili. Tarehe 29, shajara ya safari inaandika, wakaiona tena nyota ya kaskazini, ambayo walikuwa hawajaiona kwa muda mrefu.