Girivalam ni nini?

Girivalam ni neno la Kitamil, lugha ya kusini mwa India. "Giri" ni mlima, na asili yake ni Kisanskriti. "Valam" ni upande wa kulia. Ndiko kuuzunguka mlima kwa miguu, mlima ukiwa mkono wako wa kulia tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Jina jingine ni giri pradakshina, na pradakshina ni kuzunguka chochote kitakatifu, iwe sanamu, mti au hekalu zima. Anayejua maana ya kutufu Kaaba ataelewa upesi, ila mwelekeo ni kinyume: mwenye kutufu huiweka Kaaba kushotoni kwake, mwenye girivalam huuweka mlima kuliani, kama mishale ya saa inavyokwenda.

Milima inayozungukwa hivyo ni mingi India, lakini Mtamil akikwambia anakwenda girivalam bila kutaja wapi, mara nyingi safari yake ni ya Tiruvannamalai, jimbo la Tamil Nadu, kama kilomita 200 kutoka Chennai. Hapo ndipo ulipo mlima Arunachala. Hauna urefu wa kutisha, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyekulia Moshi angeuita kilima. Njia ya kuuzunguka ni kilomita 14.

Kwa nini wauzunguke badala ya kupanda kileleni? Kwa waumini wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Kihindu, Arunachala ni zaidi ya makao ya mungu. Ndiye Shiva mwenyewe, katika umbo la jiwe. Kisa chake husimuliwa hivi: Brahma na Vishnu, miungu wenzake, waligombania ukubwa, na katikati ya ugomvi wao ikatokea nguzo ya moto isiyo na mwisho juu wala chini. Vishnu akajigeuza nguruwe mwitu, akafukua ardhi kutafuta mzizi wake. Brahma akawa bata-maji, akaruka kutafuta ncha. Vishnu alirudi akakiri kwamba hakuuona. Brahma akadanganya kuwa ameifikia. Nguzo hiyo alikuwa Shiva, na baadaye moto ukapoa ukawa mlima. Ndiyo maana hekalu la Annamalaiyar, lililo chini ya mlima upande wa mashariki na ambalo mnara wa lango lake kuu una mita 66, huhesabiwa miongoni mwa mahekalu matano ya Shiva yanayowakilisha maumbile: hili ni la moto, mengine ni ya ardhi, maji, upepo na anga.

Basi ukishaona hivyo, mambo yanajipanga. Ndani ya hekalu lolote la Kihindu mwabudu huzunguka chumba cha ndani aliko mungu. Hapa chumba hicho ni mlima mzima, na barabara ya kilomita 14 ndiyo ushoroba wake. Ndiyo maana pia watu huvua viatu. Peku kabisa, kama ndani ya hekalu, hata pale lami inapochoma na changarawe inapouma.

Joto hilo ni sababu moja ya kutembea usiku, na usiku mzuri kuliko yote ni ule wa mwezi mpevu, ambao Watamil huuita pournami. Sisi tukimsifu mtu kwa uzuri tunamfananisha na mwezi wa kumi na nne; kwa Wahindu mwezi huo ukijaa ni siku ya ibada, watu hufunga na kwenda mahekaluni. Mlima huzungukwa siku yoyote, lakini usiku wa pournami hufurika watu kwa laki.

Njiani kuna vituo vinane, kila kimoja na lingamu yake, yaani jiwe la mviringo ambalo ni alama ya Shiva. Kila moja ina upande wake wa dunia na mlinzi wa upande huo: Indra mashariki, Yama wa mauti kusini, Varuna wa maji magharibi, Kubera wa mali kaskazini, na wengine wanne katikati yao. Watu husimama, hupakwa majivu kwenye paji la uso, huwasha kafuri. Kafuri hiyo ndiyo karafuu maiti yetu, ile ya kuoshea na kusitiri wafu. Huko huchomwa mbele ya mungu kwa sababu huwaka ikaisha bila kuacha jivu.

Mwendo ni wa polepole. Wazee wa huko husema utembee kama malkia mwenye mimba ya miezi tisa. Ramana Maharshi, mtawa aliyefika Tiruvannamalai mwaka 1896 akiwa kijana wa miaka 16 na asiondoke tena mpaka alipofariki mwaka 1950, aliwahimiza sana wafuasi wake kuuzunguka mlima. Desturi pia hutaka ushike upande wa kushoto wa barabara, kwa kuwa upande ulio karibu na mlima huachiwa watakatifu wasioonekana, ambao inaaminika nao wanazunguka. Katika umati wa pournami, sharti hilo halitekelezeki kirahisi.

Jambo moja kwa msomaji wa pwani. Wahindi wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam asili yao ni Gujarati, na si wote walio Wahindu. Kwa hiyo ukimuuliza jirani yako Mhindu kuhusu girivalam huenda neno likawa geni kwake. Muulize parikrama, ndilo neno lao la kuzunguka hivyo. Gujarati wana mlima wao, Girnar, karibu na mji wa Junagadh, na kila mwaka katika mwezi wa Kartik, baada ya Diwali, mahujaji huuzunguka kwa kilomita 36 wakilala msituni, msitu wenye simba. Safari hiyo huanza siku ya 11 ya mwezi unaokua na kuisha usiku wa punam, mwezi ukiwa umejaa. Punam ni jina la wasichana pia, na huenda unamfahamu mmoja.