Kikombe cha maganda ya mpunga: uliza kwanza kimeshikwa na nini

Wiki iliyopita nilikuwa na meza yangu kwa maonyesho madogo hapa Kisumu, nimepanga sahani, vijungu vya miche na makaa ya kubonyeza, vyote vya maganda ya mpunga, akaja mama mmoja wa makamo akachukua kikombe kimoja, tena hicho hakikuwa changu, nilikinunua mtandaoni ili nikionyeshe watu, akakizungusha, akakinusa, akaniuliza, "Mwanangu, hii nikitupa shambani itaoza?" Nikamwambia hapana mama, hiyo haiozi, wajukuu wako wataikuta hapo. Alishangaa kweli kweli, maana chini ya kikombe wameandika kimetengenezwa kwa maganda ya mpunga na wakachora na kajani ka kijani. Nikamvutia kiti. Hayo tuliyoongea ndiyo nataka kuandika hapa kwa urefu, kwa sababu nimekuwa na haya maganda mikononi miaka sita sasa na naona watu wanauziwa jina tu.

Tuanze na ganda lenyewe. Likiwa shambani ni mpunga, likikobolewa ni mchele, likiiva ni wali, na hapo katikati ya mpunga na mchele kuna hili ganda ambalo halina mwenyewe. Kwa gunia la kilo 100 za mpunga unatoa kama kilo 20 za maganda, sasa hebu fikiria Ahero ambapo maji ya mto Nyando yanapigwa pampu hadi mashambani tangu miaka ya 1960, uongeze West Kano inayovuta maji ya ziwa, uongeze Bunyala kule wanatumia mto Nzoia, halafu uone mavuno yote yanapitia mashine za kukoboa na kila mashine ina mlima wake nyuma. Huo mlima mara nyingi unachomwa. Na moto wa maganda ni mbaya kwa vile hauonekani, juu unaona jivu la kijivu limetulia kama limepoa, kumbe ndani linawaka polepole siku nzima na kesho yake pia, mtoto akikanyaga anazama mpaka kifundo na kuungua. Nimeona mguu wa mtoto wa jirani umeungua hivyo, sitaki kuona tena.

Chukua ganda moja uweke kwa kiganja. Limekaa kama kamtumbwi, nje kuna vinundu vidogo vimepangwa kwa mistari, ukipitisha ukucha unasikia kukwaruza kama msasa. Hiyo ni silika, ile ile iliyo kwa mchanga na kioo. Mpunga unaivuta kutoka ardhini ikiwa imeyeyuka kwa maji, inapanda na mmea mpaka juu, maji yanatoka kwa hewa na silika inabaki imeganda kwa ngozi ya ganda. Ukichoma kilo 20 za maganda unabaki na kama kilo 4 za jivu, na katika hilo jivu sehemu 85 hadi 95 kwa 100 ni silika. Ndiyo maana ng'ombe hafaidiki akilishwa, ndiyo maana halina haraka ya kuoza, na ndiyo maana linasumbua sana ukitaka kulifanya kitu.

Kwanza linakula mashine. Silika ni ngumu kuliko chuma cha kawaida tunachochomelea pale jua kali, kwa hivyo nyundo za mashine ya kusaga zinaisha pembe kabla hujajua, na wale wanaotumia skrubu kubana makaa wanajua vile skrubu inalika mpaka inakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Mimi nilinunua nyundo za bei rahisi mara mbili nikidhani naokoa pesa, siku hizi nampa fundi aongeze chuma kigumu kwa ncha kila baada ya muda na hiyo gharama naihesabu kama naihesabu stima.

Pili, ganda halitaki gundi. Ile ngozi ya nje ina silika na kautando kama nta, maji yanateleza na gundi pia inateleza. Kwa hivyo lazima usage ili ndani ya ganda, upande ule wa nyuzi, ufunguke, halafu mimi naloweka kwa maji ya magadi, haya haya tunayopikia osuga na mboga zingine za kienyeji, naosha, naanika. Baada ya hapo gundi inashika vizuri zaidi. Niliwahi kuruka hiyo hatua wakati oda ilikuwa kubwa na sahani zikaanza kupukutika ukingoni kabla hazijatoka stoo.

Sasa tumefika kwa gundi, na hapa ndipo kila kitu kiko. Ganda lenyewe haliwezi kuwa kikombe. Unga wa maganda ni kama mchanga, lazima kitu kiushike, na hicho kitu ndicho kinaamua kama kikombe kitaoza, kama kitavumilia chai, na kama ni salama mdomoni kwako. Kile kikombe alichoshika yule mama kimeshikwa na melamini, aina ya plastiki ngumu. Melamini inatengenezwa pamoja na kemikali inayoitwa fomaldehaidi, ukiipika kwa kalibu yenye moto inakaza na haiyeyuki tena kamwe, kwa hivyo huwezi hata kuiyeyusha utengeneze kitu kingine kama plastiki ya jagi. Kuchanganya maganda ndani yake hakuifanyi ioze. Na kuna jambo baya zaidi: mwaka 2019 BfR, taasisi ya Ujerumani inayopima hatari za vyakula na vyombo, ilichunguza vikombe vya namna hii vilivyochanganywa na unga wa mianzi, ikaonya visitumike kwa vinywaji vya moto, kwa sababu kinywaji kikizidi nyuzi 70 za joto fomaldehaidi na melamini vinaweza kutoka kwa kiasi kisichofaa. Vile vilikuwa vya mianzi, lakini gundi ni ile ile, na mimi sioni sababu ya ganda la mpunga kubadilisha hayo mambo. Chai yetu tunaimimina ikitokota. Mtu anakunywa kila asubuhi akijua anasaidia mazingira, inaniuma sana.

Kuna wengine wanachanganya maganda na plastiki ya kawaida, ile inayoyeyuka, wanatoa mbao za sakafu ya nje na viti. Hiyo mimi sina shida nayo ikiwa muuzaji anasema ukweli, kwa sababu mbao inakaa miaka mingi na haikusudiwi kuoza, shida ni ukiiandika kwa sahani ya kutumia mara moja ati itarudi udongo.

Mimi natumia wanga wa muhogo, muhogo wenyewe unatoka Busia. Nasonga uji mzito, nachanganya na unga wa maganda mpaka ukikamata kwa ngumi unashikana bila kutoa maji, natia kwa kalibu ya chuma iliyopashwa moto, nabana kwa jeki ya lori tuliyoifungia fremu, mvuke unatoka pembeni ukipiga filimbi, na harufu yake ni ya ukoko wa ugali kabisa. Inaoza? Ndiyo, nimezika vipande nyuma ya karakana nikafukua. Lakini wanga na mchuzi hawaelewani, na hili nililijifunza vibaya. Kuna familia ilikuwa na matanga, watu wengi, wakachukua sahani zangu kwa sababu niliwaahidi hazitabaki zimetapakaa uwanjani kama zile za plastiki. Wakapakua wali na samaki wa mchuzi. Nilikuwa nimesimama pale nikaona mzee mmoja anainua sahani na sehemu ya chini inabaki kwa mapaja yake, mchuzi wote kwa suruali, halafu mwingine, halafu mwingine, na wafiwa wakaanza kukimbia jirani kuazima sahani za bati. Niliwarudishia pesa zote lakini ile aibu ya kuharibia watu siku kama hiyo haikurudi na pesa.

Baadaye nikapaka nta ya nyuki. Inazuia maji baridi vizuri, ila nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na mchuzi ukitoka kwa sufuria umepita hapo mbali, kwa hivyo nta inaelea juu kama mafuta na sahani inalainika vilevile, imechelewa kidogo tu. Kwa hivyo siku hizi sahani zangu nauza kwa vitu vikavu peke yake, mandazi, sambusa, mahindi choma, karanga, na mtu akiniambia anataka za mchuzi namwambia achukue majani ya migomba au akodishe sahani za bati. Napoteza oda, sawa.

Kile ambacho naamini kabisa ni vijungu vya miche. Fikiria vile ganda lilivyo: linapitisha hewa, halijai maji, haliozi haraka, lakini mwisho wake linaoza. Hayo yote ni dosari kwa sahani na ni sifa kwa kijungu. Nachanganya maganda yaliyosagwa nusu nusu, wanga kidogo na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, nabana baridi, naanika. Mkulima anaotesha nyanya au mpapai humo, siku ya kupandikiza anachimba shimo anaweka na kijungu chake, mizizi haiguswi, na hakuna zile karatasi nyeusi za plastiki ambazo ukilima mwaka unaofuata zinatoka kwa jembe kila hatua. Mara ya kwanza miche ilikuwa ya njano, nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ganda lina kaboni nyingi sana na naitrojeni kidogo, vijidudu vikianza kulila vinanyang'anya mche chakula chake. Tangu niongeze samadi, na wakulima wengine wa upande wa Njoro wanamwagilia na mkojo wa sungura uliochanganywa na maji, majani yamerudi kijani.

Makaa nitasema kwa kifupi. Ukichoma maganda kwa pipa lenye hewa kidogo yanakuwa meusi, lakini jivu lote lililokuwemo linabaki, kwa hivyo karibu nusu ya hayo makaa ni jivu. Ukibonyeza hayo tupu, jiko linawaka kivivu na jioni mama anamwaga debe la jivu. Changanya na vumbi la makaa ya miti au makapi ya miwa, huku kwetu Muhoroni na Chemelil siyo mbali. Na tafadhali msichome maganda kwa moto mkali mno mkitafuta jivu jeupe la kuuza, kuanzia nyuzi 700 au 800 hivi silika inaanza kugeuka fuwele, na vumbi la hizo fuwele likiingia kifuani linaharibu mapafu. Vijana wangu wanavaa barakoa hata wakisaga maganda mabichi.

Halafu usafiri. Maganda ni hewa tupu, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 100 na kidogo, lori lililojaa mpaka juu limebeba karibu hakuna kitu. Nilikuwa na karakana mjini, nikahamia kilomita mbili kutoka kwa mashine ya kukoboa, hesabu zikaanza kukubali.

Yule mama kabla hajaondoka aliniuliza atajuaje akiwa dukani peke yake. Dukani ni ngumu, ila ukishanunua, vunja kipande kidogo uende nje. Kitumbukize kwa maji ya moto kilale usiku, kama ni wanga asubuhi kimevimba. Kikauke, ukiguse na moto kwa koleo: wanga unanuka kama karatasi au ugali ulioungua, plastiki ya kawaida inayeyuka na kudondoka ikinuka kama mshumaa, na melamini haitaki kushika moto, ukiilazimisha inatoa harufu kali kama ya samaki. Tulijaribu pale pale na kile kikombe, nyuma ya hema. Alinusa mara moja akarudisha kichwa nyuma, akaniambia, "Kumbe ndio hii nanunulia watoto," akaweka vijungu kumi na viwili vya mpapai kwa kikapu.