Kimakonde hakimcheleweshi mtoto kuongea
Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi: eti mtoto akisemeshwa Kimakonde au Kimwera pamoja na Kiswahili, atachelewa kuongea. Si kweli. Watoto wa lugha mbili huanza kutamka maneno karibu na umri wa mwaka 1, kama wenzao. Tunachanganyikiwa kwa sababu tunahesabu Kiswahili peke yake. Jumlisha na maneno anayoongea na bibi yake, utaona hajapungukiwa. Kuchanganya lugha nako ni kawaida, hata sisi wakubwa tunachanganya sokoni. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Ila akitimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kwa lugha yoyote, mpeleke kituo cha afya apimwe usikivu.